Shangazi Kiunganishi Ajibu Barua

Barua ya kwanza wiki hii ni ya kijana anayejiandaa kwa mtihani wa IELTS. Tuisheni wamemjaza "Moreover", "Furthermore" na "In addition", naye huanza kila sentensi na mojawapo, lakini alama hazipandi. Anaomba aongezewe maneno mengine.

Shangazi Kiunganishi amegoma kumwongezea. Katika insha ile ya maneno yasiyopungua 250, mpangilio na mshikamano wa hoja hubeba robo ya alama, na vigezo vya watahini vinautaja wingi wa viunganishi kuwa kasoro ya daraja la 5. La 9 hupewa anayeziunganisha hoja bila msomaji kushtukia. Shangazi alipoipekua insha yenyewe akakuta kijana ameandika kwamba ada ya chuo ni kubwa mno, "moreover" mabweni yake ni mazuri. Jamani! Lawama na sifa zimefungwa kamba moja. "Moreover" huongeza uzito upande ule ule. Hapo palitakiwa "but".

Msomaji wa pili anaiogopa hiyo "but" kwa sababu shuleni walimkataza kuanza nayo sentensi, na "and" vilevile. Shangazi anamtuma kwenye Biblia ya King James ya 1611. Sura ya kwanza ya Mwanzo ina mistari 31. Mistari 29 inaanza na "And". Anayetaka kukosoa aanzie huko.

Karani mmoja naye aliandika ofisini: "The generator is broken, however we have ordered a new one." Bosi kaichora nyekundu, na bosi yuko sahihi. Kabla ya "however" ya namna hiyo huwekwa nukta au nukta mkato, kisha koma hufuata baada yake.

Wa mwisho huchanganya "on the contrary" na "on the other hand". La kwanza hukanusha kilichosemwa. La pili hupima upande mwingine. Akiandika kwamba mjini maisha ni ghali, "on the contrary" kazi zipo, msomaji atabaki akijiuliza ghali imekanushwa vipi.

Kijana wa IELTS afute kila "moreover" katika insha yake, aisome kwa sauti, halafu arudishe kiunganishi pale tu maana inapokatika.