Kwa Mheshimiwa Waziri: ombi la meza tano Itahwa

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: WASOMAJI WA VINASABA MKOANI KAGERA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia. Mkazi wa Buhembe anayemwandikia Waziri bila kupitia kwa Mtendaji wa Kata, Mkurugenzi wa Manispaa na Katibu Tawala wa Mkoa ameruka ngazi. Nisamehe, waitu. Nimehofia barua isije ikakufikia ikiwa imeshastaafu.

Pili, pongezi. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa Itahwa, kata ya Karabagaine, imetufurahisha kiasi kwamba hata sisi Wahaya, tunaotaniwa nchi nzima kwa kujisifia shule, tulikosa maneno. Kwa muda mfupi.

Sasa naomba nikukumbushe jambo ambalo bila shaka unalijua kuliko mimi. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya misheni Kashasha, Muleba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia Machi 18 walikuwa wamepatwa wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Waliorudishwa kwao Nshamba walifika na hali ile ile; huko wakaugua watu 217. Mwezi Juni hali hiyo ikabisha hodi katika shule ya wasichana Rwamishenye, hapa hapa mjini kwetu. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, hawakuona ugonjwa wa mwili, na mwaka 1963 wakachapisha makala iliyoweka chanzo cha hali ile katika akili. Dunia imeifanya habari hiyo kichekesho, kana kwamba mabinti wale walikuwa harusini. Madaktari wenyewe waliandika habari za vilio, za watu kukosa utulivu, hata za fujo.

Sidai kwamba kompyuta ya kusoma vinasaba ingeona jeni la kicheko. Halipo. Jenomu ya binadamu ina herufi takribani bilioni tatu, na mashine huzisoma kwa vipande vifupi. Mtaalamu wa bioinfomatiki ndiye anayevipanga, anayechuja makosa ya mashine na kulinganisha mtu na mtu. Katika magonjwa ya akili yanayochochewa na msongo, hakuna jeni moja la kushtakiwa. Kuna tofauti nyingi ndogo ndogo, kila moja ikisukuma kidogo, na hazionekani mpaka uwe na watu maelfu kwa maelfu. Ni kazi ya hesabu na ya kuandika programu, ambayo vijana wetu wanaiweza, ingawa wengine kwa sasa wanatengeneza simu Kashai.

Utafiti mkubwa wa kiwewe uliotoka 2024 uliwapima watu zaidi ya milioni 1.2 wenye asili ya Ulaya na kubaini sehemu 95 za jenomu zinazohusiana nacho (95 tena, ni sadfa). Wenye asili mchanganyiko ya Afrika na ya wenyeji wa bara la Amerika walikuwa 58,051. Hapo Mhaya yuko wapi?

Majirani hawakungoja. Mwaka 2014 watafiti wa Rwanda na wenzao wa Uswisi walichapisha matokeo ya akina mama waliopitia mauaji ya kimbari wakiwa wajawazito, pamoja na watoto wao: alama za kikemia kwenye jeni la NR3C1, linalohusika na homoni ya msongo, zilitofautiana na za familia zilizokuwa mbali na mauaji. Akina mama hao walikuwa 25 tu, kwa hiyo tusipige vigelegele bado. Lakini walipimwa. Mradi wa NeuroGAP, unaochunguza jenetiki ya magonjwa makubwa ya akili, umefanya kazi Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Tanzania haimo, ingawa Muhimbili wameshaonyesha kwa selimundu kwamba Mtanzania anaweza kusoma vinasaba vya Mtanzania.

Wala Kagera haina upungufu wa misiba ya kuacha kiwewe. Wakimbizi walimiminika Ngara 1994; meli ya MV Bukoba ikazama 1996; tetemeko likatupiga 2016; ndege ikaanguka ziwani 2022.

Utaniambia, kwa hekima yako, kwamba mgonjwa wa leo anahitaji muuguzi na dawa kabla ya jenomu. Kweli kabisa, na nisingependa shilingi moja itoke wodini. Naomba ajira tu. Mtaalamu wa bioinfomatiki mara nyingi hukalia mkataba wa mfadhili. Mradi ukifa, naye huzikwa nao. Mradi wa jenomu wa H3Africa ulianza 2012 ukafungwa 2022. Aliyefundishwa nao asipopata kazi nyumbani, atapokelewa Boston, na sitamlaumu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba meza tano Itahwa: nafasi tano za kudumu za bioinfomatiki ya afya ya akili, kompyuta zenye nguvu, jenereta kwa siku ambazo TANESCO wana udhuru, na sharti kwamba damu ikitoka Kagera kwenda kupimwa nje, data zake zichambuliwe hapa pia. Majina ya wenye meza yaingie kwenye orodha ya mishahara ya Serikali kabla utepe haujakatwa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Buhembe, Manispaa ya Bukoba