Aliyeshuka Kitonga na tela kabandikwa L

Nianze na msonyo, salamu zitafuata. Jumamosi iliyopita kijiweni kwetu Magomeni Mapipa alitua Tela, kaka yetu, yuko likizo ya wiki tatu kutoka Uingereza. Wa siku nyingi mnamjua. Alianza utingo, akakabidhiwa usukani, miaka tisa njia yake ikawa Dar hadi Tunduma, mzigo wa watu nyuma, usingizi wa kuibia ibia. Kitonga ameipanda na kuishuka mpaka mlima wenyewe ukamzoea. Basi sikieni alichotuambia, kikombe cha kahawa mkononi, uso mkavu: "Jamani, mimi kule naendesha na L."

Kete za drafti zilibaki hewani. L! Ile herufi nyekundu ya wanaojifunza, inayobandikwa mbele na nyuma ya gari ili dunia nzima ikae mbali nawe. Na haiishii hapo. Pembeni lazima akae mtu aliyevuka miaka 21, mwenye leseni iliyotimiza miaka mitatu, amsimamie. Anayemsimamia ni nani? Shemeji. Mkewe, nesi, aliyeondoka hapa hajawahi kushika hata usukani wa bajaji, akajifunzia kulekule. Leo ndiye anamwambia Tela, "Taratibu baba, angalia kioo." Dogo wa boda alicheka mpaka helmeti ikamdondoka miguuni.

Kisa ni hiki. Ukihamia Uingereza na leseni ya Tanzania, na ya Kenya au ya Uganda vilevile, unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu ulipokuwa mkazi. Mwaka ukitimia, kikadi chako kinabaki cha kumbukumbu. Hawakubadilishii. Unaomba leseni ya mwanafunzi kwa pauni 34, unakaa mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, kama mtoto aliyemaliza shule juzi. Tela alifika akakuta kushoto ni kushoto kama kwetu, usukani uko kulia kama kwetu, akatanua. Mwaka mzima aliendesha bila kugusa hata kioo cha mtu, huku akisema "nitashughulikia, nitashughulikia." Hapo kosa ni lake, na nilimwambia. Bahati yake mwezi wa kumi na tatu alilipaki gari mwenyewe. Angekamatwa, gari lingevutwa, bima ingesema haimtambui, na adhabu ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi sita, hapo ni kama umeimaliza bila kufikishwa mahakamani.

"Kwani wapo wanaobadilishiwa?" akauliza Ticha, mwalimu wetu mstaafu.

Wapo, tena wengi. Mjapani anabadilishiwa. Mwaustralia, Mkanada, Mswisi, wote hao. Mwaka 2021 wakaongezwa Falme za Kiarabu, Ukraine na Taiwan. Hao unaweza kuwameza na maji. Ila ndani ya orodha hiyohiyo wamo Afrika Kusini na Zimbabwe, wana-SADC wenzetu! Mzimbabwe ana miaka mitano tangu awe mkazi ya kutuma kadi yake pamoja na pauni 43, anakaa nyumbani anakunywa chai, posta inamletea leseni ya Uingereza. Tela anabandika L.

Kijiwe kikachemka. Dogo wa boda akasema ukoloni huo. Fundi viatu akadakia, "Mugabe aligombana nao weee, matusi yote yale, na leseni za kwake wanazipokea! Sisi tuliokaa kimya tumepata nini?" Akageuka mshauri: si achukue ile leseni ya kimataifa? Tela akatikisa kichwa. Ile ni tafsiri ya leseni yako, ya mtu anayepita njia. Ukishahamia hupiti tena. Basi aende Dubai akachukue ya huko, halafu aibadilishe? "Na Dubai kwenyewe nitafanya mtihani, fundi. Sasa si bora nifanye pale pale mlangoni kwangu?"

Ticha akasema afadhali Uingereza. Mpwa wake yuko Ujerumani, kule walimpa miezi sita tu, na barabara ni ya kulia. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kijerumani au kwa lugha nyingine 12. Kituruki kimo, Kiarabu kimo, Kireno kimo. Kiswahili, chenye wasemaji kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, hakimo. Msonyo wa pili huo, nikausindikiza na kashata.

Turudi kwa Tela, maana mtihani wake wa nadharia ni simulizi peke yake. Maswali ni 50, unatakiwa kupata 43. Hayo aliyapita kama maji. Kilichomwangusha ni video. Wanakuonyesha vipande 14 vya barabara, kama vile umekaa kwenye gari, na hatari ikianza kujitokeza unabofya. Ukiiwahi unapata alama tano, ukichelewa zinashuka hadi sifuri. Hatari ni 15, jumla ni alama 75, za kupita ni 44. Sasa mpe zoezi hilo mtu wa Dar! Tela akaona mtoto kando ya njia, akabofya. Akaona baiskeli, akabofya. Mbwa, bofya. Gari limeegeshwa na mlango hujui kama utafunguka, bofya. Mama na kigari cha mtoto, bofya mara mbili kwa usalama. Kompyuta ikaona huyu anabofya hovyo, ikampa sifuri kwenye kipande hicho, na kingine, na kingine. Ndivyo ilivyotengenezwa, ukibofya mfululizo inakuhesabu mdanganyifu. Na ukiwahi mno, kabla ya muda wao wa kuhesabu kuanza, napo huambulii kitu.

"Mimi yule mtoto nilimwona kabla hajawa hatari," Tela analalamika. "Nikaadhibiwa kwa kumwona."

Hapo sikumcheka. Mtu aliyelelewa na barabara ya Morogoro amefundishwa kwamba kila kilichosimama kando kitakatiza: boda, mkokoteni, mbuzi, abiria aliyeruka kwenye daladala kabla halijasimama. Kwake barabara nzima ni hatari moja ndefu, na wanamtaka achague kumi na tano. Akalipa pauni 23 nyingine, akajifunza kuogopa kwa kipimo, akapita.

Ikaja foleni ya mtihani wa barabarani. Ada halali siku za kazi ni pauni 62, lakini nafasi ni za kusubiri miezi. Wapo wajanja wanaozishika kwa programu za kompyuta, kisha wanaziuza kwa bei ya kuruka. "Kumbe na kwa Mfalme wapiga debe wapo!" akasema dogo wa boda, akajisikia vizuri kidogo kuhusu nchi yake.

Siku ikafika. Kwanza unasomeshwa namba ya gari kwa umbali wa mita 20, wajue kama macho yako ni mazima. Kisha dakika kama 40 barabarani. Makosa madogo unaruhusiwa hadi 15, kubwa moja tu linakurudisha nyumbani. Tela anaishi Milton Keynes, mji wenye vipilefti zaidi ya 100, na ndivyo alivyoviogopa. Kipilefti, jamani, neno lenyewe tumelichuma kwenye kibao cha Mwingereza tukalifanya la kwetu, leo linamsubiri mtu wetu kwao. Akavipita vyote. Anayetoka kulia mpishe, basi, hakuna mwenye bampa gumu wala trafiki wa kupunga mkono. Anasema mji wa Swindon kuna kimoja tangu mwaka 1972, mama mmoja kazungukwa na vipilefti vitoto vitano. Ukiingia unasoma dua. Hicho hajakijaribu.

Yaliyomharibia ni mazoea. Gari la nyuma lilitaka kumpita, mbele kona haionekani, Tela akawasha indiketa ya kulia. Dereva wa lori yeyote kati ya Chalinze na Makambako angeielewa: usipite, mbele kuna kitu. Mtahini akaona mtu anayetangaza kukata kulia halafu hakati. Andika. Honi je? Kwetu honi ni salamu, ni asante, ni pole, ni "nipo." Kule gari likiwa limesimama hupigi, na kwenye makazi ya watu kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa moja asubuhi hupigi kabisa. Hiyo aliibana, ingawa kidole kilimuwasha.

Kisha zebra. Mama mtu mzima kasimama ukingoni na mkoba wake, hajatia mguu barabarani. Tela akamtazama, mama akamtazama, Tela akapita. Kwetu hapo kila mmoja angekuwa kafanya kilichotarajiwa. Kule, tangu Januari 2022, kitabu chao cha kanuni kinasema hata anayesubiri kwenye zebra mpishe. Mtahini hakusema neno. Walipopaki ndipo akamwambia: makosa madogo manne, kubwa moja. Rudi tena.

Na hapa nisonye kwa niaba yake. Nchi hiyohiyo mwaka 2021 ililia kukosa madereva wa malori mpaka vituo vya mafuta vikakauka. Tela, aliyeshusha tela Kitonga usiku wa mvua, yuko ghalani anapanga maboksi. Hata herufi zimemkana: D ya leseni ya kwetu ni gari dogo la binafsi, D ya kwao ni basi.

Tulikuwa bado tunamtukania Mwingereza ndipo Mzee wa Kahawa, ambaye siku zote hana la kusema zaidi ya "chungu au tangawizi," akaweka birika chini.

"Tela mwanangu, leseni ya hapa mtihani wake uliufanyia wapi?"

Tela akaangalia kikombe. Akasema polepole, "Mzee, mimi picha nilipiga. Hela nikampa mtu. Siku ya tatu kadi ikaja."

Nilitegemea kicheko, hakikuja. Tulikuwa wanane wenye leseni pale barazani. Aliyewahi kupanda gari na mtahini akaambiwa "rudi kinyumenyume uingie hapa" alikuwa Ticha peke yake. Mimi? Tuendelee na habari.

Maana sheria ya barabarani ya Waingereza ya mwaka 1988 ndivyo inavyosema: nchi inaingia kwenye orodha pale serikali yao inaporidhika na namna nchi hiyo inavyotoa leseni. Haimtazami Tela, inatazama mlango aliotokea. Na Tela, angalieni ugumu wa jambo hili, udereva wake ni wa kweli kabisa, kadi ndiyo ya uongo. Alifunzwa na dereva mzee miaka minne ya utingo, kufuli, breki na gia, mafunzo ambayo hakuna chuo kinayatoa. Hayo hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa ni siku tatu na bahasha.

Dogo wa boda hakukubali, na ana hoja. Wapo waliokwenda chuo, wakalipa ada, wakafeli, wakarudia, wakapita kihalali. Nao wakifika kule wanabandikwa L ileile. Hao wamekosa nini? Hawajakosa. Wanalipia bahasha zetu sisi. Ndiyo maana hasira yangu, nikiipima vizuri, robo nampa Mwingereza kwa kutotaka kumpima mtu mmoja mmoja na kumpunguzia njia yule anayejua. Robo tatu inabaki hapahapa Mapipa, na sehemu yake ninayo mfukoni, ina picha yangu.

Nawe unayepanda ndege mwezi ujao kwenda kwa shemeji, leseni ya mwanafunzi iombe mapema, usingoje miezi 12 iishe. Ukiwa nayo ndani ya mwaka huo bado unaendesha kwa ile ya nyumbani bila L, huku unasubiri zamu ya mtihani. Cheti cha nadharia kinadumu miaka miwili, kwa hiyo hakiozi haraka. Na indiketa ya lori iache Chalinze.

Tela anaondoka Jumanne. Mtihani wake wa pili ni mwezi ujao, kalipia tena pauni 62, na ameapa kwamba kwenye zebra safari hii atasimama hata anayesubiri akiwa njiwa.