Ngeli za Wanafunzi wa Uandishi Mtandaoni: Uchunguzi wa Awali kutoka Kata ya Mofu

Kila utafiti unaojiheshimu huanza na tatizo. Tatizo letu ni kwamba mwanafunzi wa kozi ya awali ya uandishi, ile ya mwaka wa kwanza inayosomwa mtandaoni kwa jina la stadi za mawasiliano, hajawahi kuainishwa ipasavyo. Wakufunzi wanazo ngeli mbili tu, aliyefaulu na anayerudia, na ukiwauliza kuhusu yule aliyetoweka baada ya wiki ya pili watakwambia "mfumo unaonyesha amesajiliwa". Sayansi haiwezi kwenda hivyo.

Eneo la utafiti ni Mofu, magharibi ya Ifakara, katika bonde la mto Kilombero. Tangu 2002 bonde hili limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkataba wenyewe unajali maji, ndege na swala waitwao sheshe. Juu ya mawimbi ya simu umenyamaza. Masika ikikolea mto hutapakaa mbugani, na familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa miezi kadhaa kuangalia mpunga. Ratiba ya chuo, iliyopangwa na mtu ambaye mchele hukutana nao sahanini, huiweka kazi ya pili ya uandishi katikati ya msimu huo huo.

Kusomea mbali hakukuanza na simu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, iliwafikia wengi kwa masomo ya posta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, kikiwa na wazo jema kabisa: mwalimu wa kijijini apate shahada bila kuacha ubao wake. Zama za bahasha zilikuwa na uungwana wake. Bahasha ilifika au haikufika. Haikukaa mbele ya macho yako ikizungusha kiduara. (Vyuo vya wahojiwa wangu havitatajwa hapa, wala wahojiwa wenyewe. Baadhi yao bado wanasubiri matokeo.)

Sasa mbinu. Tangu mwanaisimu Bleek azipe ngeli za Kibantu namba mwaka 1862, wataalamu hawajaacha kubishana juu ya kigezo: tutazame umbo la neno, au upatanisho wake ndani ya sentensi? Ubishi huo unahamia kwetu mzima mzima. Wanamofolojia watamwainisha mwanafunzi kwa umbo la simu yake: kioo kizima, kioo kilichopasuka, kioo kinachosikia kidole upande wa kushoto tu. Mimi ni mtu wa upatanisho. Nauliza mwanafunzi huyu anapatana na nini.

Wengi wanapatana na mahali, kwa hiyo tuanze na PA-KU-MU, ngeli kubwa kuliko zote Mofu. PA ni mahali dhahiri, panaponyooshewa kidole: pale juu ya kichuguu nyuma ya madarasa, hatua mbili kutoka kwenye mwembe, panashika mtandao. Ukisogea kivulini hapashiki. Mwanafunzi wa PA hujulikana kwa kusimama. Insha yake nzima ameiandika wima, na ukiisoma utaona sentensi zinavyofupika kadiri miguu inavyochoka. KU ni mahali pasipo na mipaka: kule kuelekea barabarani huwa kunashika, kuna siku. Mwanafunzi wa KU hutembea na simu ameiinua juu ya kichwa, na wageni humdhania anapiga picha.

MU ni ndani, nayo ni adimu sana. Nilioneshwa chumba kimoja cha mwalimu ambamo mnashika, kwa sharti kwamba simu iwekwe ndani ya kikombe cha plastiki, kikombe kining'inizwe kwenye nondo ya dirisha, na kikombe kitazame mashariki. Simu ya kikombeni huirushia mtandao simu ya mkononi. Mwalimu huyo huandika kwanza kwenye daftari la mistari kwa kalamu ya bluu, akasahihisha kwa nyekundu kwa mazoea ya kazi, akajipa alama, kisha ndipo anapoanza kuchapa kwa kidole gumba. Kwa hiyo kila aya yake imekwisha kusahihishwa na mwalimu kabla haijamfikia mkufunzi, na mara nyingi na mwalimu mkali zaidi.

Spishi ndogo ya ngeli hii ni watu wa bando la usiku, ambao huonekana baada ya saa sita, gharama inaposhuka. Ifakara, ambako maabara ya Waswisi ilianza kazi 1957, imekuwa ikiwachunguza mbu kwa miaka mingi, na dunia nzima imefaidika. Lakini uhusiano kati ya mbu wa saa nane usiku na udhaifu wa aya ya tatu bado unasubiri mtafiti.

Inafuata I-ZI. Wasomi wa sarufi wanajua kwamba humu ndimo yanamoingia maneno mengi ya kukopa, na kwamba jina halibadiliki umbo likiwa moja au yakiwa mengi. Sifa zote mbili zimo kwa wanafunzi hawa. Insha yao ni ya kukopa, na insha moja au insha kumi, umbo ni lile lile. Chanzo chake ni kijana wa steshenari mjini, ambaye kwa asili alikuwa akitoa fotokopi tu. Baadaye akaanza kujazia watu fomu za mkopo, akapanda hadi barua za kuomba kazi, na leo amekwisha kuisoma kozi ya uandishi kwa majina ya watu wengi kuliko wanaotoshea kwenye daladala. Mada aliyopewa mwaka mmoja ilikuwa msongamano wa magari mijini. Yeye msongamano wa Dar es Salaam aliuonja mara moja, akiwa amelala. Mofu msongamano upo, ila una pembe, na anayeuongoza ana fimbo. Hilo lingekuwa insha nzuri sana. Badala yake yakapelekwa maelezo ya foleni ya Ubungo, yenye foleni ile ile na mvua ile ile, na dereva yule yule anapiga honi katika aya ya pili. Programu ya kupima ufanano ikapiga kelele. Kijana wa steshenari, ambaye ndiye mwanafunzi pekee wa kweli katika ngeli hii, alinung'unika kwamba alama zilizoshushwa ni za kwake na hakuna aliyempa pole.

LI-YA ni ngeli ya ukubwa. Hawa huandika majisentensi. Mtu hawezi kwenda sokoni. Lazima aelekee katika taasisi ya kubadilishana bidhaa. Hawana mengi ya kuchunguzwa, na nimewakwepa.

Ngeli ya KU, ya vitenzi-jina, nisiichanganye na ile ya mahali. Ni ya wale wasiotoka kwenye kitenzi kisichoonyesha wakati wala nafsi: kuanza, kupakua, kutuma. Ukimuuliza "Umetuma?" anajibu "Nipo kwenye kutuma". Jirani yake ni ngeli ya U, ya dhahania, isiyo na wingi wala mwili: mwanafunzi aliyesajiliwa, akalipa, na tangu hapo anahisiwa tu, kama uchovu.

Imebaki A-WA, ngeli ya viumbe hai, na hapa uainishaji wangu ulikutana na mama mmoja, muuguzi wa zahanati. Kazi ya kwanza aliiandika baada ya zamu ya usiku. Alitakiwa kueleza kwa nini wakulima huchelewa kufika kituo cha afya. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye kimo cha maji, akawasalimia wanawake walioko vibandani, akaeleza ni nani hubaki na watoto mama akiugua, na mwishoni kabisa akasema: hawachelewi, wanahesabu. Wanapima homa ya leo na gunia la kesho. Nimesoma insha nyingi za kozi hii, na sikumbuki nyingine niliyotaka kuisoma mara ya pili.

Mkufunzi aliirudisha na alama ndogo, akiandika kwamba hoja kuu imechelewa na ilipaswa kuonekana katika aya ya kwanza. Kwa kanuni za kozi alikuwa na haki. Lakini hapa nadharia inayovuma vyuoni, kwamba mwanafunzi wetu hajui kutanguliza hoja, inapata shida, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kuandika barua katika nchi hii anajua kutofautisha barua na barua. Ya kirafiki hukuuliza afya yako na ya ukoo wako mzima, ndipo ije "ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii". Ya kiofisi haina subira: hoja inapigiwa mstari kabla hata ya sentensi ya kwanza. Mama yule alikuwa ameandika insha yake kwa desturi ya kwanza kwa kuwa alidhani anaongea na mtu.

Akajibu kwa desturi ya pili. Kozi ni ya Kiingereza; jibu lilikuja kwa Kiswahili, limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, likapigwa picha pale kwenye kichuguu. YAH: HOJA KUU KUCHELEWA KATIKA KAZI YANGU YA KWANZA. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Ndugu Mkufunzi, ninaomba alama zangu zipitiwe upya. Aya iliyofuata ilitoa sababu. Iliyofuata hiyo ilitaja ukurasa wa mwongozo wa kozi unaoruhusu hoja kutolewa mwishoni iwapo ushahidi unatangulia. Ya tatu ilijibu pingamizi ambalo mkufunzi alikuwa hajalitoa bado. Chini kushoto: Nakala kwa Mkuu wa Idara, na Jalada.

Alama ziliongezwa. Mkufunzi aliuliza pia, kwa adabu, kama angeruhusiwa kuitumia barua hiyo kufundishia matumizi ya ushahidi. Hadi makala haya yanakwenda mtamboni hajajibiwa. Mpunga umeanza kuiva, mama amechukua likizo yuko shambani, na kule hakushiki. Kwa hiyo jedwali langu la mwisho linamhesabu, kwa muda, chini ya PA-KU-MU.