Maksai wa Ploti

Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai mmoja anayempenda kupita mifugo yake yote. Humkunja pembe akiwa bado mdogo ili zipate umbo alitakalo, humfunga kengele shingoni, hutunga wimbo wa kusifu rangi yake, na mara nyingi yeye mwenyewe huitwa kwa jina litokanalo na mnyama huyo. Maksai huyo hatoi maziwa, hazai, wala halimi. Mgeni akiuliza kazi yake ni ipi, huonekana yeye ndiye asiyeelewa. Basi katika nchi hii si aibu kusifu kisicho na kazi, nami naomba nafasi kidogo chini ya mti nimsifu maksai mwingine, ambaye bado hajatungiwa wimbo: waifai ya ploti ya wanafunzi, ile inayowasha taa zote na isifungue ukurasa hata mmoja, iwe Lodwar, iwe Lorugum, iwe Kakuma.

Ploti tunazijua. Ni safu mbili za vyumba vilivyotazamana, bomba moja, choo kimoja, na rauta moja iliyotundikwa pale waya ulipoishia. Ndani yake wamo wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, wamo wa chuo cha utabibu, yumo mwalimu aliye kwenye mafunzo ya kazini. Mmoja katoka Kitale, mwingine Kalokol, mwingine Kibish. Hawakuchaguana. Mtandao ukiwa mzima, kila mmoja hufunga mlango wake, huziba masikio kwa muziki, na anaweza kumaliza muhula bila kujua jirani wa chumba cha saba anaitwa nani. Mtandao ukilala, milango yote hufunguka kabla chai haijapoa, na swali linalosikika ni moja: “Kwako iko?” Hoja yangu yote imo katika swali hilo. Nadai kwamba mtandao mbovu ndio serikali pekee ambayo ploti imewahi kuwa nayo, na kwamba ni serikali nzuri kuliko nyingi.

Fikiria swali lenyewe linatafuta nini. Kosa likiwa la mtu mmoja, simu yake ndiyo mgonjwa. Likiwa la safu moja ya vyumba, ukuta una neno. Likiwa la wote, lawama huhamia kwenye rauta, au waya, au mnara, au mbali zaidi. Na hapa ndipo penye utamu: kosa la mtandao wa pamoja halipimiki na mtu mmoja. Mwenye malaria hupimwa peke yake akajua hali yake. Rauta ya ploti inataka mmoja asimame karibu nayo na kompyuta iliyochomekwa waya, mwingine asimame chumba cha mwisho, na wengine wote wazime waifai zao, kisha wawashe mmoja mmoja hadi mtandao uanguke tena. Maana yake ni kwamba watu kumi na wawili wakubali kuwa washukiwa kwa zamu, hadharani, bila hasira. Sijui bunge linaloweza kufanya hivyo. Mshtakiwa wa kwanza daima ni yule wa filamu, kwa sababu sauti ya filamu husikika. Lakini ushahidi humwachilia mara nyingi kuliko watu wanavyopenda. Mara nyingi mkosaji ni yule mtulivu anayelala mapema, ambaye simu yake usiku huo inapandisha picha zake zote kwenye hifadhi ya mbali. Njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kuteremsha. Ikijaa, hata ombi dogo la jirani la kufungua ukurasa hupanga foleni nyuma ya picha za harusi ya binamu. Au ni msamaria mwema aliyeleta rauta yake ya pili ili “kuongeza nguvu”, akachomeka waya kwenye tundu lisilo lake, na rauta hiyo ikaanza kugawa anwani zake yenyewe. Nusu ya ploti ikamtii huyu, nusu ikamtii yule, na wanaomtii mpya hawafiki popote. Lokesheni moja haiwi na machifu wawili, na hakuna kitabu cha uraia kinachoeleza jambo hilo upesi kuliko jioni moja ya kutafuta ile rauta ya pili.

Wazee wa Kiturkana wana ujuzi wa kusoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa: mvua iko wapi, adui yuko wapi. Anayewadharau hajatazama vijana wa chuo wakisoma taa za rauta. Ya stima ni kijani, ya waifai inapepesa, ya dunia ya nje ni nyekundu. Mmoja anasema tatizo liko kwa kampuni, mwingine anasema mwaka jana nyekundu hiyo hiyo ilikuwa waya uliogugunwa na panya. Vyovyote iwavyo, jambo la maana ni kwamba usomaji hufanywa mbele ya watu, na aliyepo anaweza kupinga. Tena ploti ina jambo moja inaloushinda mti wa wanaume, ule wanaokutania kuamua mambo: chini ya rauta wasichana nao wana kauli, na kwa kawaida ndio waliokumbuka kuandika pasiwadi.

Kisha kuna jua, ambalo ni mwalimu msaidizi. Rauta nyingi za nyumbani huandikiwa na waliozitengeneza kwamba zifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Lodwar, joto la mchana kivulini huwa wastani wa nyuzi 35 hivi karibu mwaka mzima, na chini ya dari ya mabati saa nane mchana hesabu hiyo imeshapitwa. Ploti inayoandika saa za kukatika hugundua bila fundi kwamba ugonjwa wake unafuata jua: hufa baada ya chakula cha mchana, hufufuka magharibi. Basi rauta huteremshwa kutoka darini, hufutwa vumbi, hutundikwa penye upepo, na mtu hufanywa mlezi wake. Mabati yenyewe yana haki yake katika somo hili, kwani mawimbi ya redio hugonga chuma na kurudi. Chumba chenye kuta za mabati ni kasha. Aliyepanga chumba cha udongo kwa sababu ya umaskini huenda akapata waifai nzuri kuliko jirani yake mwenye mabati mapya yanayong'aa. Ni wapi pengine duniani teknolojia imekumbuka kumlipa aliyelipa kidogo?

Atakayefuatilia waya wa stima kutoka kwenye rauta atajifunza jiografia pia. Mto Turkwel, unaopita jirani na Lorugum na Lodwar, ulijengewa juu kwenye bonde lake bwawa la megawati 106, lililokamilika mwaka 1991. Umeme wake ukashika njia ya kusini kuelekea Lessos, na kwa miaka mingi Lodwar, iliyoko chini ya mto uleule, ikawashiwa kwa jenereta za dizeli. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini rauta imezimika anaweza kuanza na ekstensheni iliyolegea na kumalizia na historia ya Kenya, kwa jioni moja, gizani.

Na bado njia haijaisha. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini, upande wa Afrika Kusini na Msumbiji, na mtandao ukadorora kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala. Nathubutu kusema kwamba siku hiyo katika ploti nyingi za Afrika Mashariki yule wa filamu alishtakiwa tena. Kumbe shahidi alikuwa kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi. Ploti iliyozoea kupima, badala ya kulaumu, ingemwachilia ndani ya dakika kumi: waya na waifai sawa, chumba cha kwanza na cha mwisho sawa, bando la simu la kampuni nyingine nalo linasuasua. Kosa si letu, rudini mkalale.

Watasema natunga sifa za kubahatisha, kwamba ubovu haujawahi kumlea mtu. Nawapa mfano ambao si wa watu bali wa mashine. Oktoba 1986, huko California, kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale pale Berkeley, umbali usiofika nusu kilomita, kilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna kilichokatika. Kila kompyuta, ilipoona ujumbe wake haujafika, iliutuma tena, na tena, hadi njia ikajaa marudio matupu. Van Jacobson na wenzake walichimba chanzo, na mwaka 1988 akachapisha tiba: mtumaji aanze polepole, aongeze kidogo kidogo, na akiona ujumbe umepotea apunguze mwendo, kwa sababu huenda wapo wengine njiani. Adabu hiyo imo hadi leo katika mitambo inayobeba barua na picha zetu. Yaani intaneti haikujua kupishana mpaka ilipoanguka. Ikiwa mashine za Berkeley zilihitaji aibu ya namna hiyo ndipo zijue jirani yupo, sioni kwa nini wanafunzi wa Lodwar wapate elimu hiyo bure.

Pingamizi zito ni la mtihani. Mwanafunzi amejaza majibu, saa inahesabu, kale kaduara kanazunguka, na muda unaisha. Kakuma, ambako wakimbizi wamekuwa wakifuata masomo ya chuo kwa njia ya mbali tangu mpango wa Wajesuti ulipoanza mwaka 2010, jambo hilo si mzaha. Kwa kijana aliyezaliwa kambini, waya huo unaweza kuwa ndio mlango wa pekee wa chuo. Hapa naikunja ngoma yangu kidogo. Namsifu maksai, simsifu anayeuza maksai mmoja kwa watu ishirini na kumwambia kila mmoja kwamba ni wake peke yake. Wala sikisifu chuo kinachoweka saa ya mwisho kuwa usiku wa manane kana kwamba Turkana yote iko kando ya Barabara ya Thika kule Nairobi. Lakini tazama nani humwokoa yule wa mtihani. Ni ploti: wote huzima simu zao kwa saa mbili ili mmoja apite, na wa chumba cha tatu hukatiza filamu yake pale pale shujaa anapochomoa bunduki. Waliozoea mtandao usiokatika hawajawahi kuombwa sadaka hiyo, na sina hakika wangejua kuitoa.

Kuna na wale wanaosema mjadala umekwisha kwa sababu Starlink, intaneti ya setilaiti, ilifika Kenya Julai 2023, na sahani zake sasa ziko hata juu ya nyumba za manyatta. Hawa nawajibu kwa upole. Sahani haipunguzi joto, haileti stima, na ikiwa moja kwa vyumba ishirini, picha za harusi ya binamu bado zitaziba njia. Isitoshe, Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa uwezo wake huko ulikuwa umejaa. Kwa mara moja walioambiwa wasubiri foleni walikuwa wa mji mkuu, na anga lenye nafasi lilikuwa la Turkana. Nakiri habari hiyo ilinipa furaha isiyo ya kiungwana.

Hata hivyo siku itafika, pengine karibu, ambapo mafundi watakuja na waya mpya, rauta mbili zilizopangwa vizuri, betri ya jua na kivuli cha kuzifunika. Tuwapokee kwa chai. Wakimaliza kazi, na kabla milango ya ploti haijaanza kufungwa mmoja mmoja, mtu mwenye busara awasindikize hadi barabarani, na mwingine arudi kimya kimya kwenye ukuta ailegeze ile ekstensheni, kidogo tu.