Stelingi Hafi: Mwongozo wa Kumhubiri Yesu kwa Msaada wa Superman, Toleo la Juru

Ndugu mhubiri, umeona kwa macho yako. Jumamosi saa kumi jioni, kanisa lako la maturubai hapa Juru lina mabenchi sita na akina mama wanne. Hatua hamsini kutoka hapo, kibanda cha video kimejaa hadi mlangoni, na watoto wasio na kiingilio wanachungulia kwenye matundu ya ukuta. Ndani, mtu mwenye joho jekundu anapaa. Wewe nawe una habari za mtu aliyepaa, tena bila umeme wa sola, lakini kwako hakuna anayechungulia.

Usikate tamaa. Fuata hatua hizi, na kabla ya mvua za masika makazi yetu yote ya wakimbizi ya Nakivale yatakuwa yameokoka.

Hatua ya 1: Usiitazame filamu

Kutazama kunakula muda, na kunaweza kukufanya uipende. Okota majina mawili matatu njiani, kisha panda mimbarani utangaze kwamba Spider-Man ni mfalme wa Wakanda. Vijana wakicheka, kemea pepo la kicheko.

Ukilazimika kutazama, peleka flashi Mbarara, kwenye vile viduka vya kupakia filamu. Omba zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale mabingwa wa Kampala wanaozungumza Kiganda juu ya sauti ya filamu. Hapo tahadhari: VJ anaweza kukuharibia huduma. Haridhiki kutafsiri maneno tu. Humpa adui jina la kienyeji, humtania shujaa, na panapochosha huchomeka kichekesho. Anajua nani amekaa kwenye benchi. Ukianza kujiuliza kama wewe unajua nani amekaa kwenye la kwako, zima filamu haraka.

Hatua ya 2: Mfanano ukigoma, usukume

Hapa Superman ni zawadi. Baba anamtuma mwanawe wa pekee duniani. Katika *Man of Steel* ya 2013 kijana ana miaka 33, na kuna mahali anaelea angani mikono ameitanua kama msalaba. Studio ya Warner Bros. yenyewe iliwaandalia wachungaji wa Marekani dondoo za mahubiri kuhusu filamu hiyo. Yaani hata wauza tiketi wameingia katika uinjilisti! Usijiulize ni nani hapo aliyemfanya mwenzake chambo.

Na usitaje kwamba Superman alibuniwa na vijana wawili Wayahudi wa Cleveland, watoto wa wahamiaji, wakamtoa katika kitabu cha katuni 1938, wakati Wayahudi wa Ulaya wakitafuta nchi ya kuwapokea. Ukitaja, mtoto wa Juru atapiga hesabu mwenyewe: kwao kumeteketea, wazazi wamempakia kwenye chombo, ameangukia shambani kwa watu wasiomjua, wamempa jina jipya. "Pasta, kumbe Superman ni mkimbizi!" Hapo somo limekutoka mikononi.

Hatua ya 3: Wafundishe kwamba mashujaa hutoka Marekani

Darasani mwako akikaa bibi kutoka Walikale, mnyamazishe mapema. Atawaletea Mwindo wa Wanyanga: baba yake, chifu Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume; alipozaliwa Mwindo, aliyetembea siku ileile, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Msomaji wa pwani naye ataongeza Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Superman na jiwe lake la kijani amekuja juzi tu.

Hatari ni kwamba watoto wataanza kupanga safu: Farao aliua watoto wa kiume, na Musa akawekwa kwenye kisafina. Shemwindo akataka kuua, Mwindo akawekwa kwenye ngoma. Herode akaua, na Yesu... akawekwa kwenye nini? Hakuna chombo. Mathayo anasema Yusufu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakakimbilia Misri. Mtoto aliyevuka mpaka usiku mgongoni kwa mama hahitaji ufafanuzi wa mstari huo. Wewe ulikuwa umeandaa ufafanuzi wa dakika arobaini. Bahati mbaya.

Hatua ya 4: Ruka Wakanda

*Black Panther* ya 2018, filamu ya nchi hiyo ya kubuni, ina mtego. Kuna mkubwa mmoja wa Wakanda, W'Kabi, anayemwonya mfalme kwamba ukiingiza wakimbizi, wanaingia na shida zao. Anayemwigiza ni Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi Waganda. Na Uganda hiyohiyo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, bila hata gramu ya vibranium, yale madini ya ajabu ya Wakanda. Ukiionyesha sehemu hiyo, kibanda kizima kitakuwa na la kusema, na wewe utabaki unasikiliza. Mhubiri anayesikiliza, sadaka atakusanya saa ngapi?

Zaidi ya hayo, pembeni amekaa kijana Msomali kutoka Base Camp, eneo jingine la Nakivale, Mwislamu safi, aliyekuja kutazama filamu na rafiki zake. Kwa mwongozo huu, mvizie: mfungie mlango filamu ikiisha, umpe karatasi ya kuokoka. Kisha ushangae Jumamosi ijayo yeye na rafiki zake wote wamehamia kibanda kingine.

Hatua ya 5: Ficha mwisho wa hadithi yako

Kuna sheria moja ya kibanda ambayo kila mtoto anaijua, awe anamwita shujaa stelingi kama wa Dar es Salaam au akteri kama wa Goma: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe darajani, ataibuka tu. Sasa wewe unaleta stelingi aliyekamatwa usiku, marafiki wakamkimbia, akapigwa hadharani, akafa kabla jua halijazama. "Huyo si stelingi," watasema.

Jibu rahisi ni kukimbilia Jumapili: "Alifufuka!" Lakini watakurudisha. Hata shujaa Tony Stark alikufa, katika filamu ya *Endgame* ya 2019, ila aliwafagia maadui wote kwanza kwa kupiga vidole mara moja. Wako alikuwa na uwezo gani? Hapo utalazimika kusema lile ulilotaka kulipita: uwezo alikuwa nao, na aliyechomoa upanga kumtetea alimwambia aurudishe alani. Hakuna VJ anayeweza kulichomekea hilo kichekesho.

Hatua ya 6: Jibu kabla hujaulizwa

Hatua hii nilikuwa nimeiandika vizuri, kwa kejeli ya kutosha. Nimeifuta. Badala yake fanya hivi: Jumamosi funga kanisa saa kumi, lipa kiingilio kama wengine, kaa benchi la nyuma. Filamu ikiisha usisimame. Watoto wana majerikeni ya kujaza kabla giza halijaingia. Fuatana nao bombani. Watabishana kati ya Superman na Thor nani zaidi. Usiamue.

Halafu mmoja, ambaye hakusema neno kibandani, atabaki nyuma na wewe. "Pasta, ile siku walikuja kwetu, Yesu alikuwa wapi?"

Jibu la chuo cha Biblia unalo, ni refu, tena lina vipengele vitatu. Liache. Jerikeni lake ni la lita 20, na mlima wa Juru hauna huruma kwa mtoto. Shika upande mmoja wa mkono wa jerikeni, yeye ashike mwingine, umwulize ile siku ilikuwaje.