Mwangwi wa Dukani

Anayetaka mwangwi Hanang hana haja ya pedali ya gitaa. Asimame mita 85 kutoka kwenye jabali, apige kelele: sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo itamrudia baada ya nusu sekunde, bure, bila betri. Lakini vijana wetu wa magitaa ya umeme, kuanzia Katesh mpaka Dongobesh, wanataka mwangwi wa dukani.

Haya. Kifaa chenyewe hakina uchawi: hunasa sauti ya gitaa, huishikilia kidogo, kisha huirudisha. Kitufe kimoja hupanga muda wa kuchelewa, kingine idadi ya marudio, cha tatu kiasi cha mwangwi kinachochanganywa na sauti halisi. Hesabu ni ya darasani: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unataka milisekunde 500. Ukikosea, mwangwi unagombana na dramu, na mpiga dramu ndiye atakayelaumiwa.

Kuchelewa si jambo geni kwetu. Waliosubiri lami ya Mbulu kwenda Haydom wangeweza kuliandikia somo. Kinachotushinda ni kile kitufe cha marudio. Harusini kimezungushwa hadi mwisho, noti moja inajijibu mpaka pilau linapoa, na fundi mitambo, mkono kiunoni, anatabasamu. Ni kweli, mwangwi huficha kidole kilichokosea uzi. Huficha pia kilichopatia.

Kaka fundi, tafadhali, rudisha hicho kitufe kwenye robo. Wimbo una maneno, nasi tulikuja kuyasikia.