Gogo la Mwembe na Visu Vitatu vya Springi

Mninga hutoa mlango mwema, lakini mlango wa mninga si shabaha. Wetu ulikuwa umeng'olewa chumba cha nyuma baada ya bawaba kuliwa na kutu, ukaegemezwa ukutani uani, na baba watoto akauona hapo siku ile ile alipoleta visu. Vilikuwa vitatu, vimefuliwa kwa springi ya lori na mhunzi wa huku kwetu Tanga anayeishi kwa kufua mapanga na majembe: urefu sentimita 30, uzito kama gramu 300 kila kimoja, ncha kali, pembeni butu. Ubutu huo ni wa makusudi, kwa sababu kisu cha kurusha hushikwa hata kwenye bapa. Na springi inafaa kwa kuwa ina unyumbufu. Ikigonga kitu kigumu hupinda kidogo na kurudi, haivunjiki kama chuma kilichofanywa kigumu kupita kiasi.

Aliyeviomba ni binti yetu mkubwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo, na kwenye simu alikuwa ameona wanawake wa ng'ambo wakishindana kurusha visu, wametulia, wanahesabu hatua zao kama watu wa hesabu. Baba yake akasema mtoto anayependa kitu chenye vipimo asikatazwe, afundishwe. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Basi chokaa ikachukuliwa, duara likachorwa kwenye mlango. Kisu cha kwanza kiligonga kwa bapa kikaanguka. Cha pili kilifika kwa ncha, sawasawa kabisa, na hicho ndicho kilicholeta balaa. Kiligota, kikarudi kwa kasi, kikapita juu ya karai la vyombo na kuupiga mtungi wa mama mkwe wangu. Mtungi ule alikuja nao kutoka Upare alipoolewa, kazi ya wanawake wafinyanzi wa kule milimani, na maji yake ya kunywa yalikuwa baridi bila friji. Ukapasuka vipande vitatu. Maji yakamiminika hadi miguuni pake, naye amekaa kibarazani anachambua mchele.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaviokota visu vyote, akavifunga ndani ya kanga na kuvitia kwenye kasha lake. "Mwanangu," akamwambia baba watoto, "kisu kinachorudi kwa mwenyewe hakina adabu. Nitavitoa siku utakaponionyesha mti unaokipokea."

Sharti hilo lilikuwa la haki, na kwa mti lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Ubao uliolazwa nyuzi zake huipa ncha ya kisu ubavu wa mti. Ili iingie, ni lazima ikate nyuzi zenyewe, na za mninga zimebanana na zina uzito. Zisipokatika, nguvu yote hurudi ilikotoka. Ukiukata mti kwa kuvuka shina na kuugeuza ule uso wenye pete ukutazame, nyuzi husimama kichwa kwa kichwa, na ncha hupenya katikati yake bila kukata kitu. Nyuzi hujisogeza, huibana ncha, na ukikivuta kisu hurudi karibu na pale zilipokuwa. Tofauti yote ni hiyo, na mtu anayejenga shabaha nyumbani kwenye watoto anapaswa kuijua kabla hajagusa msumeno. Shabaha mbaya ni hatari kuliko kisu chenyewe.

Fundi seremala wa mtaani alikuwa na ushauri wake: nunueni nne kwa nne za msindano, zile mbao zinazoshuka kutoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, mkate vipande vifupi, msimamishe 25, vitano kwa vitano, mtie gundi na fremu. Ushauri ulikuwa mzuri, kwa sababu msindano ni mti laini na vipande vilivyochakaa hubadilishwa kimoja kimoja. Tulipopiga hesabu ya mbao, gundi na ufundi, tukaona tuufikirie wakati mwingine.

Jirani akatupatia mnazi uliokufa kichwa. Baba watoto akakata pande moja, akaomba kisu kimoja tu cha majaribio, na mama mkwe akakitoa kwa masharti. Katikati kiliingia bila shida. Ukingoni kililia kama kimegonga jiwe. Mnazi hauna pete, na haukui kama mwembe au mninga. Nyuzi zake ngumu zimejazana karibu na gome, ndani ni laini kama sifongo. Haikuchukua muda moyo wake ukawa makapi, shimo likachimbika, kisu kikawa kinaning'inia na kudondoka. Mama alitazama, akanyoosha mkono arudishiwe kisu chake. Alikuwa ameanza kusema "changu".

Katika siku hizo za kungoja, binti alimwonyesha bibi yake picha za kpinga, silaha ya Wazande wa kaskazini mashariki mwa Kongo na nchi jirani, yenye makali yanayochomoza pande kadhaa ili upande wowote utakaotangulia ukate. Bibi aliitazama kwa muda mrefu. Alimsifu mhunzi wake, kisha akasema hiyo isivuke kizingiti cha nyumba hii.

Masika ndiyo iliyotutatulia. Upepo uliangusha mwembe mkubwa kwenye shamba la kaka yangu, huko Kigombe. Kaka ni mvuvi, na kwa mvuvi wa pwani yetu mwembe ulioanguka ni chombo. Miembe ndiyo inayochongwa mitumbwi na matumbo ya ngalawa. Baba watoto alipofika na habari za shabaha, kaka alimsikiliza kwa heshima yote inayompasa shemeji, halafu akanigeukia mimi: "Dada, mti huu utavua samaki miaka mingi. Nyie mnataka kuuchoma visu?"

Nilikuwa upande wa kaka yangu, na nilisema wazi mbele ya mume wangu. Sehemu iliyonyooka ni ya bahari. Lakini karibu na mizizi shina lilikuwa limevimba, nyuzi zimesokotana, na fundi wa ngalawa aliyeitwa kulikagua aliligonga kwa tezo akasema hapo hakuna chombo. Kwetu sisi msokoto huo ulikuwa neema, kwa sababu mti uliosokotana haupasuki kirahisi. Tukapata mapande mawili, kila moja upana zaidi ya nusu mita na unene wa sentimita 25. Bado mabichi, pande moja lilizidi kilo 50. Yalipanda kwenye lori dogo la nazi, yakamaliziwa safari kwa mkokoteni.

Stendi ya kwanza ilikuwa miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa juu na kupigwa misumari, na kitovu cha shabaha kama mita moja na nusu kutoka chini. Ilisimama asubuhi. Adhuhuri, kabla hakijarushwa kisu hata kimoja, misumari ilichomoka kwa uzito, gogo likatua kwa ukingo wake na kuanza kusafiri. Uani kwetu kunateremka kuelekea jikoni. Lilipita kwenye banda la kuku na kulichukua lango lake, kuku wakapaa hadi juu ya bati, watoto wakapiga mayowe na kulifuata badala ya kulikimbia, nami nikasimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi hadi gogo lilipogonga kizingiti na kulala. Hakuna aliyeumia. Kuku wawili walishuka usiku.

Safari hii aliitwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza vishikio vya chuma, akapitisha bolti ndefu nyuma ya gogo mahali ambapo ncha haziwezi kufika, na miguu ya stendi ikachimbiwa. Nyuma yake ni ukuta mtupu. Chini pakamwagwa mchanga ili kisu kinachoanguka kisidunde.

Mama alikuja na kanga yake. Alichora mwenyewe mstari wa chokaa mbali nyuma ya mrushaji, wa watu wote wengine kusimama, kisha akakabidhi visu kimoja kimoja. Binti alisimama mita 3, akashika mpini, akaurusha mkono bila kuvunja kifundo, kwa sababu kutoka hapo kisu kinahitaji mzunguko mmoja tu na mkono ukikizidishia kitafika kwa mpini. Kikaingia kwa sauti nzito, fupi. Cha pili pia. Cha tatu kilianguka kwenye mchanga na kukaa pale pale. Mama akakitazama kile cha tatu zaidi kuliko viwili vya kwanza, akasema, "Huyu sasa ana adabu."

Kaskazi ilipoanza kukausha mji, ufa ulifunguka kutoka kiini hadi gome. Mti unapokauka husinyaa kuzunguka pete zake kama mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo lazima upasuke mahali fulani. Tulilifunga gogo kwa mkanda wa chuma wa pipa, na kila jioni mrushaji analifunika gunia lililoloweshwa; unyevu huvimbisha nyuzi na ufa hujibana. Kila wiki tunaligeuza robo ili sehemu moja isiliwe peke yake. Pande la pili limepakwa rangi kwenye nyuso zote mbili, limewekwa kivulini nyuma ya nyumba, na kaka ametuma salamu kwamba tawi nene la mwembe ule bado lipo, tukilihitaji tulifuate kabla halijawa kuni.